Nzi Mweusi

Siku tatu mvua haijakatika Kariobangi,
na timbo la Njiru, asema Mutisya kwa simu,
limekuwa chai ya kibanda,
majani yamechemshwa mara mbili, maziwa ya kubahatisha.
"Njoo na manjano," anasema. "Manjano au machungwa.
Samaki sasa ni kipofu. Mpigie kelele."

Basi nimewasha taa, nimebana ndoana kwenye jiliwa,
nimemwaga mkebe mzima mezani:
uzi wa sweta ya Gikomba niliyoifumua,
manjano ya kuumiza macho kama kizibao cha trafiki;
unyoya wa jogoo wa jirani (bado ananidai);
zambarau, zamani shada la harusi ya mtu;
na manyoya meusi, machache,
ya yule kuku wa Pasaka.

Miaka sita nafungia nzi mito nisiyoijua.
Kiwandani oda husema: maji maangavu, dazeni mia, rangi ya majivu.
Maji ya tope, dazeni hamsini, nyeusi.
Nyeusi! Nilicheka.
Nani hutia wino kwenye masizi
halafu akauliza kama umeonekana?

Kerubo wa meza ya pili hakucheka.
Aliwainua nzi wawili dirishani,
kioo kile hakijaoshwa tangu kiwekwe,
akaniambia nifinye jicho.
Wa manjano aliyeyuka kwenye vumbi.
Mweusi akabaki. Ana miguu, ana kiuno.
"Samaki yuko chini," alisema. "Anatazama juu."

Nilimsikia. Kuamini ni jambo jingine.

Mama ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto,
na zamu yake hospitalini ni Novemba.
Nikiingia na gauni la maua huuliza, "Nani?"
Huanza na jina la dada,
hufuata la shangazi tuliyemzika.
Jana nilirudi nimelowa, nimejifunika koti jeusi la mvua,
nikasimama mlangoni, mwanga mgongoni, sijatamka neno.
"Umechelewa," akasema.
"Na hivyo viatu vya tope, viache hukohuko."

Kwa hiyo, Mutisya, kaa na manjano yako.
Mimi nafunga mweusi,
uzi mara tisa shingoni, fundo, tone la gundi.
Tumboni nampa mshipi mwembamba wa zambarau.
Huo si wa samaki. Ni wangu,
maana nitamtazama mimi kabla hajazama.

Kesho alfajiri tutasimama kwenye kingo za mawe,
yeye na kelele zake, mimi na kivuli changu,
na huko chini, kama lipo jicho lenye ukungu,
nataka limjue mgeni bila kuuliza.

Isipokuwa aje kambare.
Kambare rangi kwake ni porojo,
hupapasa dunia kwa sharubu.
Huyo atatupitia sote wawili,
taratibu,
akielekea kwenye ugali wa watoto wa ng'ambo.