Mpira Uliokwenda Juu

Mimi ndiye mwandishi wa alama hapa Mikindani.
Daftari langu lina kurasa mbili mbili:
kushoto mikimbio, kulia tokeni za stima,
na kwa miaka minne
upande wa kulia ulikuwa ukiula wa kushoto.

Taa zile za zamani mlizijua?
Kumi na mbili, wati elfu kila moja,
na madaha ya bibi harusi:
ukiziwasha saa kumi na mbili na nusu
zinajitokeza saa moja kasorobo,
kwanza zambarau, kisha manjano ya bizari,
zikivuma kama mzinga uliopigwa teke.
Zikizimika, haziwaki tena mpaka zipoe.
Watoto walikaa kwenye nyasi, glovu kichwani,
wakingoja chuma kisahau hasira zake.

Kuku wa Mama Nyevu, ng'ambo ya ua,
walikesha wakidhani mchana,
naye akituletea malalamiko na mayai
katika kikapu kimoja.

Jumanne akaja Mejumaa, fundi,
binti wa Mtongwe, spana kiunoni.
"Ngazi nishikieni," akasema,
"maneno yashikeni wenyewe."
Nguzo zetu chumvi imezitafuna hadi magotini.
Alizigonga moja moja, sikio limeinama,
kama mtu anayechagua nazi sokoni.
"Hii ya tano inadanganya." Ikang'olewa.

Akashusha taa kuukuu, akapandisha mpya,
bapa, nyepesi, wati mia mbili,
zimeinamia uwanja tu
kama mwalimu anayesahihisha.

Nguzo ya tatu, akanyamaza huko juu.
Kisha: "Bi Thureya! Nani kataga huku?"

Halikuwa yai.
Ulikuwa mpira,
umekwama kati ya kikombe cha taa na waya,
ngozi imeungua upande mmoja,
nyuzi nyekundu zimegeuka kahawia,
na mjusi kahamia jirani.

Nikalifungua daftari la mwaka juzi.
Ijumaa. Zamu ya sita. Sisi tano, Magongo sita,
mkimbiaji wetu mmoja besi ya pili.
Tsuma Karisa, gongo la kuazima,
akaupiga. Tulisikia:
mlio mkavu, muwa ukivunjwa gotini.
Sote tukainua nyuso,
na tokeni zikaisha.

Niliandika: *mpira juu*.
Ningeandika nini kingine?
Mwamuzi alitafuta kwa tochi ya simu mpaka isha.
Vijana wa Magongo wakasema umedakwa.
Sisi tukasema umevuka ua.
Tukaondoka kila mtu na ukweli wake mfukoni.

Nikampigia Tsuma. Siku hizi anachomelea mageti Changamwe,
nyuma ya sauti yake grinda inalia.
"Umepatikana," nikamwambia.
Hakuuliza nini.
"Nilizikimbia besi zote, Bi.
Gizani. Ya tatu niliipapasa kwa mkono.
Nikafika nyumbani, nikakanyaga,
na hapakuwa na wa kuniona."

Sheria ya mpira uliokwama nguzoni siijui.
Kocha Dzombo naye haijui,
na Magongo wasiulizwe.

Leo saa moja Mejumaa kabonyeza swichi.
Papo hapo. Hata mbu hawakujiandaa.
Mwanga mweupe, usiovuma,
na katika kimya kile nikasikia
kitu sijawahi kukisikia hapa usiku:
viatu vya mtoto vikigeuka kwenye changarawe,
na mdakaji akijisemea namba.
Juu ya nguzo, mwanga usikofika,
giza limerudi na nyota zake.
Kuku wa Mama Nyevu wamelala.
Mayai sijui tutayapata kwa kisingizio gani.

Shilingi mia tano zimeingia kwenye mita.
Hesabu yangu yasema zitafika Ijumaa ya pili.
Nimeirudia mara tatu, kwa mazoea ya kutoamini.

Upande wa kushoto, mwaka juzi, zamu ya sita,
mbele ya yale maneno mawili,
kalamu iko wazi.
Tsuma kasema atapitia akitoka kazini.
Mpira nimeuweka mezani,
upande ulioungua nimeulaza chini.