Bao la Ugenini

Mkondo wa kwanza wenyeji walikuwa watu wake, wa kijani.
Eliakunda akakalia kiti cha marehemu babaye,
kile kilichopasuka mkono wa kushoto,
akaniambia, Leo wewe mgeni, Nakijwa. Stuli ile pale.
Nikakaa. Nimezoea.

Mji mmoja, uwanja mmoja, nyasi za mashine moja.
Timu mbili za kuazimana chumvi
zimezunguka Afrika nzima, zimetoa Waarabu, zimetoa Wakongo,
zije zikutane mlangoni kwao wenyewe.
Moja moja. La kwetu lilikuja dakika ya themanini na tisa,
kwa kichwa,
stuli ikaanguka.

Siku nane katikati.
Uru ilinyesha manyunyu, ukungu ukalala migombani,
na pale parokiani mwanakwaya mmoja
alipanda madhabahuni na soksi nyekundu.

Mkondo wa pili, wenyeji sisi.
Mapumziko alitoka kumkatia ng'ombe majani.
Nikahamia kile kiti.
Kumbe ukikaa pale unaona geti, kahawa,
na kaburi la mama mkwe, vyote kwa jicho moja!
Miaka thelathini na moja sikujua.
Akarudi na panga lake, akasimama.
Akavuta stuli.

Sufuri kwa sufuri.
Mtangazaji akapaza: bao la ugenini, kombe ni la wekundu!
Eliakunda juu: Ugenini gani? Uwanja ule ule!
Basi lao halikumaliza hata lita ya dizeli!

Baba Nsia, nikamwambia, sikiliza.
Mama yako, Mungu amrehemu, alikufa akiniita yule wa Upareni.
Watoto watano nimewazalia kihamba hiki,
choo kile nimekijenga kwa pesa ya vitenge,
na kikao cha ukoo kikikaa mimi nachemsha chai, sipigi kura.
Mtu huwa ugenini bila kupanda basi.
Akifunga huko, mhesabieni mara mbili.

Kimya.
Honi zilikuwa zinapanda kutoka mjini,
ng'ombe naye akajibu.

Lile la kichwa, akasema hatimaye,
lilikuwa limeotea.

Lakini kiti hakukidai.
Chai ya usiku ule aliimimina yeye.
Sukari nyingi mno.
Nikainywa yote.