Mahali pa Kuzaliwa

Tumevuka daraja la kwanza, tukavuka la pili,
na Bibi Pakkiam hajatamka neno.
Ziwa limelala kama shuka iliyopigwa pasi.
Dereva anatueleza: lilichimbwa kwa mashine, zamani halikuwepo.
"Najua," Bibi anamjibu. "Hapo palikuwa bonde la nyoka."

Putrajaya haina vumbi.
Barabara ni pana, hata mtu wa ng'ambo ya pili
ni uvumi tu.
Kila wizara ina kuba lake, kila kuba lina bustani,
na kila bustani ina Mbangladeshi mmoja
aliyevaa kofia ya ukindu, anapunguza ua kwa mkasi.
Nimezunguka mara mbili nikitafuta chai ya maziwa.
Nimekuta benki tatu na sanamu ya ua la shaba.

Ndani, kiyoyozi kinauma. Bibi anajifunika upindo wa sari.
Mashine mlangoni inatutemea karatasi: 3117.
Anaishika mbali na macho, anaisoma, anatabasamu kidogo.
"Mimi nilikuwa themanini na nane," anasema.
"Saa kumi na nusu usiku msimamizi anaita: themanini na nane!
Unajibu, unachukua ndoo.
Miti mia nne kabla jua halijaona mlango wa nyumba yako,
taa kwenye paji la uso, kisu mkononi,
na mbu, wale mbu..."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Bibi yangu aligema miaka thelathini na moja.
Hakusifiwa na mtu.
Utomvu wake haukuwa na maji.

Dirisha la tisa. Karani Rohaizat ana sauti laini,
kucha zake zinadonoa vibonye kama kuku wapole.
"Mahali pa kuzaliwa, mama?"
"Hapa."
"Hapa wapi?"
"Divisheni ya Tatu. Safu ya mabati, mlango wa tano,
ukitoka hekaluni. Nadhani," anageuka, anapima kwa macho,
"nadhani pale kwenye lifti."

Karani hacheki. Anatafuta.
Orodha inapanda, orodha inashuka,
shamba halimo.
Basi anaandika jina la mji, kwa huruma tu,
na mwaka: elfu moja mia tisa arobaini na sita.
Skrini inakuwa nyekundu.
Mwaka umetangulia mahali.
Mashine haiwezi kukubali mtu aliyezaliwa
katika mji ambao haujazaliwa.

"Mama, labda ulete barua. Kutoka ofisi ya shamba."
Bibi anatazama nje ya kioo, kule kwenye maji
yanayometameta bila mashua.
"Ofisi iko kule," anasema. "Mwanangu, unajua kuogelea?"
Ananiuliza mimi.
Hapo ndipo anapocheka, kicheko kikavu cha meno machache,
na foleni nzima inageuka, 3118, 3119, 3120.

Nje jua limesimama wima juu ya marumaru.
Bibi anauendea mti wa mapambo ambao silijui jina lake,
anachomoa pini ya nywele, anakwaruza gome
kwa mteremko, kushoto juu, kulia chini,
kama mtu anayetia sahihi.
Tunangoja.
Hakutoki kitu.
"Huu si mwenyeji," anasema. "Umepanga tu."

Mtunza bustani ameona yote. Amekaa kivulini,
anakula wali kwenye mfuko wa plastiki.
Nilidhani atapiga filimbi.
"Umetoka wapi, mama?" anauliza, kwa Kimalei cha kuunga unga.
Bibi anavua kandambili,
anagusa ardhi kwa kidole gumba cha mguu.
Yule kijana anaitazama ile nukta,
anatafuna, anameza,
halafu anasogea ukingoni
kumwachia nafasi.