Hodi kwa Siafu

Siafu alikufa tena pale pale,
hatua tisa kutoka mezani,
mbele ya kabati la vikombe ambamo shule yetu
huweka ramani zilizochanika, maana vikombe hatuna.
Magurudumu yakalegea. Taa ya ruta mgongoni
ikaendelea kupepesa, kijani, kijani,
kama mtu anayekuitikia akiwa usingizini.

Ilikuwa Alhamisi, Makongeni, mvua imeloweka uwanja.
Mashindano Jumamosi.

"Mota zinakula stima yote," alisema Okinda,
akaipima betri: volti kumi na mbili na nukta sita.
Betri haikuwa na hatia.
Hirsi akavuta kila waya kama daktari wa meno,
ule wa ruta akaukaza kwa uzi wa kushonea viatu.
Hatua tisa. Kimya.

Nafuna akafungua orodha ya mitandao ya jirani.
Ghorofa zote za ng'ambo ya reli zilikuwemo mle:
Mama Kamene Duka, Lipa Kwanza, Usinizoee,
Chumba Kumi na Nne, Usinizoee Mbili,
mtaa mzima umejazana kwenye njia ya sita
kama foleni ya madebe siku mfereji unapotoa.
Tukahamia njia ya kumi na moja. Tukafurahi
dakika tatu.

Mimi kazi yangu ilikuwa hodi.
Ndivyo tulivyoiita: unaandika anwani ya Siafu,
unabonyeza, kipakatalishi kinabisha,
naye akiwa yupo hujibu, karibu,
milisekunde mbili, karibu, milisekunde tatu, karibu.
Nilipenda kuzitazama zikishuka kwenye kioo,
karibu chini ya karibu, nyumba yenye watu.
Kisha hatua ya tisa, na mstari ule mkavu:
muda umekwisha. Muda umekwisha.

Ajabu ni kwamba nikienda kuchukua chai
Siafu alizunguka ukumbi mzima, akaokota mipira,
akageuka kabatini kwa madaha ya bwana harusi.
Nikirudi na birika, anakufa.
"Syombua, una mkosi," wakacheka.
Nami nikacheka, ila kicheko changu
kilikuwa na mchanga ndani.

Mwalimu Lekishon hakucheka. Aliandika ubaoni:
Syombua akiwepo, hapana. Asipokuwepo, ndiyo.
"Huo si mkosi," akasema, "huo ni ushahidi.
Una nini mfukoni?"

Nikavitoa: ufunguo, shilingi arobaini,
nusu ya kalamu, na simu ya mama,
iliyoruhusiwa shuleni kwa ajili ya timu tu.

Simu.

Likizo fupi ya Februari, nyumbani Kariobangi,
nilitaka kufanya mazoezi bila roboti,
nikaupa mtandao wa simu jina lake, siafu,
herufi ndogo zote, na nywila ile ile,
ili kipakatalishi kisiniulize maswali.
Sikuuzima. Wiki saba mama akilalamika chaji haikai,
nami siku za timu nikitembea
na Siafu wa pili mfukoni, asiye na magurudumu,
anayeitikia jina la mwenziwe.

Kipakatalishi hakikukosa. Mwenye jina akienda mbali,
sauti yake ikififia, kiligeukia jina lile lile
lililosimama karibu zaidi,
kikabisha kwangu, hodi, hodi,
na kwangu hapakuwa na mtu.

Okinda aliitazama betri yake, asiseme kitu.
"Na uzi wangu je?" akauliza Hirsi.
Niliizima simu kabisa, nikaiweka dirishani
penye mvua ikinyunyiza, kama kuiadhibu,
kisha nikakumbuka ni ya nani, nikaifuta kwa sketi.

Siafu akaondoka. Saba. Nane.
Tisa ikapita bila mtu kupumua.
Akapita kabati, akapita ramani za nchi zilizochanika,
Nafuna akasahau kushika breki
na yule mjinga wa chuma akaenda moja kwa moja
kuugonga mlango wa stoo, ko, ko, ko.

Kutoka ndani, Thuo mlinzi,
aliyekuwa amejibanza humo kwa ajili ya mvua,
akaitikia kwa sauti nzito ya usingizi:
"Karibu."