Chai ya Kibuyuni

Nilipewa kuwa mganga kwa sababu ya pua yangu.
Mwalimu Ambakisye alisema ina kona,
hata ikinyamaza inapiga ramli.
Nikavalishwa kaniki, nikashikishwa kibuyu cha bibi,
kile cha kutikisia maziwa.
Ndani tulitia chai. Chai ya Rungwe, ya rangi, imepoa,
bila sukari, maana sukari ilikuwa imepanda.

Mchezo wenyewe ni wa zamani.
Baba zetu waliucheza ukumbi huuhuu wa ushirika
kabla mabati hayajaanza kuvuja:
bahili mmoja, binti mmoja, wachumba wawili,
na mganga muuza dawa ya kupendwa.
Mjakazi anateleza, vikombe vinabadilishana mikono,
asiyetakiwa anapendwa, anayetakiwa anatimuliwa,
ndugu wanakunjana mashati,
bahili anampigia magoti mbuzi.
Dawa inavuruga nyumba nzima mpaka sehemu ya tatu,
ndipo mganga anatoka na maji ya kuzindua.
Wote wanapiga chafya. Wanaoana. Pazia.

Jumamosi ile Tukuyu ilinyesha mvua yake isiyo na haya.
Asajile fundi baiskeli akanywa kikombe,
akamgeukia Gwantwa, akasema ya kwenye daftari:
"Nimekutafuta tangu kabla sijazaliwa."
Watu wakacheka hadi benchi likavunjika.
Ila Subilaga, mkewe, safu ya pili, mtoto mgongoni,
hakucheka.
Miaka tisa, na hakuwahi kuambiwa hivyo
hata kwa makosa.

Akapanda jukwaani na kandambili za matope.
Hakumgusa Gwantwa. Alinifuata mimi.
"Umemwekea nini?"
Chai, nikasema.
"Chai gani inamfundisha Asajile kusema?"
Ukumbi ukacheka mara moja, kisha ukanyamaza,
ule unyamavu unaohesabu majirani.
Nikakumbuka kwamba sehemu ya tatu iko kwenye mchezo tu.
Huku nje ukiitwa mchawi Jumamosi
Jumapili unaamka huna paa.

Nikanywa. Kibuyu chote, mbele yao,
kikinitiririkia shingoni, uchungu wa majani yaliyolala.
Wakaningoja nipende mtu.
Bati likapigwa na mvua, mtoto akalia,
nami nikapiga chafya, ya kweli, ya baridi,
na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Subilaga akaketi ukingoni mwa jukwaa.
"Rudia," akamwambia mumewe. "Kwangu. Bila daftari."
Asajile akasahau yote.
Akafuta mikono kwenye suruali, akafuta tena,
akasema, "Twende nyumbani, unalowa."
Sijui kama ilitosha. Waliondoka pamoja.

Saa nne usiku, hodi.
Mzee wa kanisa, mwavuli umepinduliwa na upepo,
chupa tupu ya soda chini ya koti.
"Kidogo tu," akanong'ona. "Kilichobaki."
Nikamwambia nilikinywa chote.
Hakuondoka upesi.
Aliinua taa yake, akanimulika usoni,
kuona kama inafanya kazi.