Wiki ya Akina Baba, Ziwa Harmaa

Bi Lempi Saarela aliteleza kwenye ngazi za jikoni
siku mbili kabla ya kambi, akavunjika mguu,
na simu zikapigwa kote Michigan ya kaskazini
kumtafuta mtu mzima mwenye likizo na akili.
Walipatikana watatu wenye likizo.

Toivo Rautio, daktari wa meno,
alishuka garini na miswaki mia mbili.
Delbert Lemieux, dereva wa gari la kuzoa theluji,
ambalo mwezi wa Julai halina kazi, na yeye pia.
Wa tatu baba yangu, Conrad Hasbrouck,
mkadiriaji wa hasara katika kampuni ya bima,
mtu ambaye akiona kiberiti
huona nyumba imekwisha kuungua.

Sisi tulikuwa thelathini na mmoja.
Tulitazamana: hawa tutawala wabichi.

Jumatatu hema lilisimama dakika kumi na moja.
Baba alikuwa amesoma maelezo yote, kwa sauti,
hata yale ya Kijerumani.
Delbert akapiga chafya,
tukabaki kuona matuta matatu yakitembea chini ya turubai,
yakigongana, yakiombana radhi.

Jumanne chapati za maji zilitoa povu.
Aliyechanganya unga alikosea kopo.
Toivo akatafuna yake yote, akameza, akasema
angalau leo hatutahitaji miswaki.

Jumatano rakuni aliiba kipenga cha baba
kilipokuwa kimetundikwa nje ya bafu.
Usiku wa manane kikalia msituni, priii,
nasi kwa mazoea tukatoka na nguo za kulalia,
tukapanga mstari, mfupi mbele, mrefu nyuma.
Baba naye akajipanga. Wa mwisho.
Tukasimama hivyo, mbu wakitusherehekea,
mpaka Odette Lemieux wa miaka saba akauliza:
tunamsubiri nani?

Sasa Alhamisi.
Siku nzima tulikuwa ziwani, na baba alikuwa ukingoni,
amevaa koti la kuokolea, hatua ishirini kutoka majini,
akihesabu vichwa.
Thelathini na moja. Thelathini na moja.
Wahenga husema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge;
yeye aliyavulia soksi tu.

Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua.
Babu alishinda mgodini, chini ya ardhi,
akarudi nyumbani kulala;
hapakuwa na mtu wa kumfundisha mwanawe kuelea.
Odette hakujua lolote kati ya haya.
Alimshika kidole, akamvuta, akimwambia kwa ukali
maneno yale yale aliyotuambia yeye asubuhi
akiwa nchi kavu, akisoma kutoka kwenye kitabu:
usikaze shingo, anayekaza shingo huzama.

Wakanipa mimi kichwa.
Wengine walishika mgongo, visigino, tumbo,
Toivo akashika miwani.
Hakuna aliyenionya kwamba kichwa cha baba ni kizito hivyo.
Masikio yake yalikuwa chini ya maji, hakutusikia,
alitazama juu tu, macho wazi kabisa,
kama mtu aliyeletewa fomu isiyo na maswali.
Mmoja mmoja tukaondoa mikono.
Mimi wa mwisho.
Sikumbuki niliiondoa lini.

Jumamosi akina mama walikuja wakatukuta
tumepakaa matope hadi kope, meno yakimeta.
Mama alimtazama baba nywele zake zilivyolowa,
akafungua mdomo, akaufunga.

Juzi nilipanga droo zake.
Ripoti ipo, imechapwa, nakala tatu.
Hasara: hema moja. Sufuria mbili.
Kipenga kimoja (mtuhumiwa anajulikana, hajakamatwa).
Kwenye nafasi ya Kilichookolewa
ameandika kitu, amekikata, ameandika tena, amekikata,
kisha kwa kalamu ya risasi: tazama nyuma.

Nikageuza. Hakuna neno.
Karatasi imejikunjakunja tu,
kama ile iliyowahi kulowa
ikaanikwa juani na mtu asiye na haraka.