Daftari la Madeni la Eufrosina

Miaka kumi na tisa nimekaa nje ya uzio huu,
mgongo barabarani, uso kwenye uwanja wa kikapu,
mikono ikipita katikati ya nyaya:
wa kulia unatoa soda, wa kushoto unapokea peso.
Ninawajua kwa vidole kabla ya nyuso.

Maclovia: chupa kubwa, saa nne kasorobo.
Briseida: krispi za pilipili, pakiti mbili,
ya pili kwa siri ya ile ya kwanza.
Yunuen: peremende, hadi meno yakamshtaki kwa mama yake.
Sikumlazimisha mtu. Ndivyo nilivyojiambia
kila jioni nikihesabu sarafu,
na sarafu hazina mdomo wa kunibishia.

Kisha daktari akanikata kidole cha mguu,
kile kidogo, kitinda mimba wa mguu wa kushoto.
Sukari, akasema. Alilitamka polepole,
kama anayemtaja mgeni niliyemkaribisha mwenyewe.
Nikarudi na kiatu nilichokitoboa kwa kisu,
nikaketi palepale, na makreti yaleyale,
na kwa mara ya kwanza nikawatazama mnavyokunywa.

Sikuwa mtakatifu kwa siku moja.
Nilianza kwa tango: tango, ndimu, chumvi ya kuonja.
Mkacheka. Briseida akaniuliza kama nimefilisika.
Nikaleta papai, nikaleta maharage
ndani ya tortila za mahindi ya buluu,
na mbegu za mchicha, zile zinazoruka kikaangoni
kama panzi waliosikia habari.
Wiki mbili nilikula biashara yangu mwenyewe.
Ya tatu, Maclovia alifunga mara saba kipindi cha pili
bila kushika mbavu,
na kabla sijafungua kinywa mlikuwa foleni.
Soda bado ipo. Ijumaa. Chupa ndogo. Tumepatana,
na mapatano ya wasichana kumi na mmoja si ya kuchezea.

Lakini wewe, Itandehui,
kidole chako sikijui.
Hununui kibaya wala kizuri.
Unasimama kwenye nguzo, sweta limekumeza,
unawatazama wenzako wakitafuna
kama anayesikiliza lugha ya kigeni.
Nimesikia habari za sherehe ya miaka kumi na mitano,
gauni la rangi ya pichi, kiuno cha nyigu,
na shangazi aliyekupima kwa futikamba, akaguna.
Mguno mmoja tu. Naujua uzito wake:
hakuna mzani sokoni unaouweza.

Asubuhi ile, ukungu haujapanda mlimani,
uliketi chini katikati ya mchezo
ukasema ni kamba ya kiatu.
Kamba ilikuwa imefungwa.
Mimi siku hizi huona miguu kuliko kitu chochote.

Sikukuhubiria. Mwenye kidole pungufu
hana kimo cha mimbari.
Nilikupa hindi la moto, bado limo ndani ya maganda yake.
Ukasema huna pesa. Nikasema ni mkopo.
Ukauliza riba. Binti wa mwalimu wa hesabu, wewe!
Mzunguko mmoja wa uwanja, nikasema, pamoja nami,
kwa mwendo wangu.

Tulizunguka kama kobe na kivuli chake.
Kwenye kona ya tatu uliuma.
Sikugeuka. Nilisikia punje tu,
na hata kengele ya kanisa haijawahi kunililia tamu hivyo.

Shangazi na alipanue gauni. Uzi upo, sindano ipo.
Gauni hushonewa mtu; mtu hashonewi gauni.

Basi daftari langu leo linasema hivi,
nalisoma kwa sauti, msikie hadi goli la mbali:
Itandehui, mahindi manne, papai nusu,
maharage mara mbili (la pili aliomba mwenyewe).
Amelipa mizunguko mitano.
Eufrosina anadaiwa miwili,
alisingizia mguu.

Dawa ya deni ni kulipa.
Kesho, saa moja kasorobo, kabla ya kengele,
nani atanishika mkono?